Kabla ya Kukodi Boti, Nunua Ndoano

Kila Desemba Kisumu inajaa. Wasee wa Nairobi wanashuka, wengine na matatu za usiku, wengine na ile treni iliyorudi 2021. Ratiba ya familia nyingi ni ileile: boti nusu saa pale Dunga, picha ukiwa umenyoosha mikono kama ndege, halafu samaki wa kukaanga na ugali. Siku ya pili watoto washaanza kuuliza kama kuna waifai.

Maoni yangu ni haya: ukija ziwani na familia, tengeni asubuhi moja mvue samaki mkiwa ufuoni. Simaanishi kulipa mtu mwenye boti ya injini akukamatie samaki mkubwa upige naye picha. Namaanisha fimbo, uzi na nyungunyungu. Vitu vyote havifiki bei ya chipsi kuku.

Unahitaji nini? Uzi wa nailoni na ndoano ndogo utapata kwa duka lolote karibu na ufuo wa wavuvi. Ndoano kubwa achana nayo, ngege ana mdomo mdogo. Mwanzi mrefu utakuwa fimbo. Kata kipande cha slipa kuukuu kiwe boya, na ufunge nati ndogo chini kidogo ili chambo kizame. Nyungunyungu wako bure, chimba mahali penye unyevu, kama pale maji ya bafu hupitia. Mtume mtoto wa kijijini akuonyeshe, atakucheka lakini atakuonyesha.

Amka mapema, kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza kusukuma mawimbi. Rusha pale matete yanapoishia, au kando ya mawe. Boya likitikisika, tulia. Likizama, inua fimbo polepole. Ukivuta kwa nguvu kama unang'oa muhogo, samaki anaenda na chambo chako.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Kila ufuo wa wavuvi una kamati yake, ile watu huita BMU. Pita hapo kwanza, salimia wazee, uliza mahali pa kukaa na kama unahitaji kibali. Wao ndio wanajua viboko hupitia wapi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na ukisimama kati yake na maji, hutapata nafasi ya kuomba msamaha. Watoto wasiingie maji yaliyotulia yenye majani mengi, konokono wa huko hubeba kichocho. Samaki mdogo rudisha, na umshike na mkono uliolowa. Uzi uliokatika rudi nao nyumbani, ndege wananaswa.

Najua kuna mtu anasema, "Kwani si ninunue tu samaki?" Nunua. Wamama wa sokoni wanahitaji hiyo pesa, na huenda hutashika kitu. Lakini kuna vitu vya hili ziwa ambavyo huwezi kuviona kwenye sahani.

Chukua ngege. Nyavu za kisasa za kunasa samaki zililetwa huku kwetu 1905, miaka minne tu baada ya reli kufika Kisumu. Kufikia 1927, Mwingereza anaitwa Michael Graham alipokuja kuchunguza ziwa, ngege walikuwa washaanza kupungua. Graham alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine bila utafiti wa kutosha ni hatari. Miaka ya 50 na 60 mbuta akaletwa hata hivyo. Kufikia miaka ya 80 alikuwa amejaa ziwani, viwanda vikafunguliwa, pesa ikaingia, na fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, wakaanza kupotea. Aina nyingi hazijaonekana tena. Hata ngege unayeagiza hotelini leo, mara nyingi ni nyamami, naye pia aliletwa. Yule ngege wa zamani karibu ameisha kwenye ziwa kubwa.

Mimi sikujua haya yote kwa sababu ya darasa. Nilianza kuyatafuta kwa sababu ya samaki mmoja mwenye urefu wa kidole.

Desemba iliyopita tulienda Mbita: wazazi wangu, shangazi na watoto wake wawili wa Nairobi. Tulipitia Bondo, tukavuka na feri ya Luanda Kotieno. Mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Chenye sijawahi kuwaambia ni kwamba mzee aliuza ng'ombe wawili kwa ile karo, na tangu niache, maongezi yetu yalikuwa "Umekula?" "Eeh, nimekula." Basi.

Asubuhi ya pili watoto walitaka kuvua, mama akatutuma mimi na mzee tuwapeleke. Kijana mmoja wa ufuoni akatuambia, "Jaduong', kaeni upande huu, kule kuna kiboko." Tukakaa. Binamu yangu wa miaka tisa akaanza kurekodi video na simu yangu. Bado ninayo: dakika kumi na moja za fimbo isiyotikisika.

Halafu mdogo wake akavuta kitu. Kasamaki kadogo, keusi keusi, kamekasirika. Mzee akakachukua kwenye kiganja akakaangalia sana.

"Hii ni fulu," akasema. "Nilidhani waliisha."

Akaanza kuongea. Jinsi nyanya yake alivyokuwa akianika fulu juani, jinsi yeye akiwa mdogo alitumwa ufuoni na mkebe na kurudi umejaa, na vile walichoka kula fulu mpaka wakawa wanalia. Mimi ni mtoto wake miaka 23 na sikuwa nimesikia hata neno moja la hiyo stori. Watoto wakakarudisha majini, wakabishana nani ataweka nyungunyungu mwingine.

Baadaye, akiwa bado anaangalia maji, mzee akaniuliza, "Hizo video zako, mtu hulipwaje?"

Alikuwa anauliza kweli. Nikamweleza yote, hata miezi ambayo sipati kitu. Akasikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Boya lako limezama." Samaki alikuwa ashaenda.

Mambo ya chuo hatujayamaliza, na pengine hatutayamaliza. Ila siku hizi hunipigia simu, na sio kuuliza tu kama nimekula.

Kwa hivyo, Desemba hii, kama unakuja huku na wazazi wako, wapeleke ufuoni kabla ya boti. Wape fimbo. Ukishika kitu, muulize mzee wako hicho kinaitwaje, na alikula hicho wapi mara ya mwisho. Usiharakishe kutoa simu, maana anaweza kunyamaza. Na mkirudi mikono mitupu, wamama wa samaki wako palepale, wanawangoja.