Mashimo ya Maji Katika Nchi Kavu: Kutoka Isiolo Mpaka Wajir

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda Isiolo hupita kwanza katika mashamba ya ngano ya Timau, mahali penye baridi ya kumfanya avae koti. Kisha barabara huanza kuteremka, na kabla ya saa mbili kutimia amekwisha kulivua koti lile na kutafuta kivuli. Nyuma yake umesimama Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199. Mbele yake imetandazwa nchi ya miiba, vumbi na miamba myeusi, ambayo humpeleka mtu mpaka Uhabeshi upande mmoja na Usomali upande wa pili.

Isiolo ni mlango wa nchi hiyo. Zamani za ukoloni palikuwa na kizuizi barabarani, na mtu asiye na kibali hakuruhusiwa kukipita kwenda kaskazini. Mji wenyewe ni mkusanyiko wa watu wa asili nyingi: Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu, na Wasomali ambao baadhi ya babu zao walikuwa askari wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, wakapewa mahali pa kukaa hapo vita vilipokwisha. Sokoni huuzwa miraa kutoka milima ya Nyambene, maziwa ya ngamia kutoka nyikani na shuka kutoka Nairobi. Lakini mgeni akikaa siku mbili tatu akayasikiliza mazungumzo ya wenyeji, atagundua kwamba neno lirudiwalo kuliko yote ni maji: yako wapi, ni ya nani, na yatadumu mpaka lini.

Watu wengi wa bara hudhani ya kuwa nchi kavu ni nchi isiyo na maji. Hivyo sivyo ilivyo hapa. Maji yapo, ila yamejificha chini, na hutokea mahali hapa na pale katika mashimo. Atakaye kuielewa Isiolo na jirani zake inampasa ayafuate mashimo hayo moja baada ya jingine.

La kwanza si mbali. Upande wa kaskazini wa mji, kabla ya kufika Archer's Post, ipo mbuga ya wanyama iitwayo Buffalo Springs, ambayo ardhi yake ilianza kuhifadhiwa mwaka 1948 pamoja na ile ya Samburu ng'ambo ya mto. Humo, katikati ya majani makavu, kuna chemchemi za maji meupe kabisa, hata mtu huona kila kijiwe kilichoko chini. Punda milia wa Grevy, twiga wenye mabaka kama wavu, choroa na tembo huja kunywa. Kidimbwi kimoja kimezungushiwa ukuta wa mawe, na wageni huoga ndani yake. Husimuliwa kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, lililoangushwa mahali pasipokuwa na mtu. Kama ndivyo, basi lilikuwa bomu la namna ya pekee katika vita vile, maana liliwaachia watu hasara kidogo na faida nyingi.

Maji hayo hutoka wapi, na mvua ya hapo ni haba? Hutoka mlimani. Mlima Kenya na milima ya Nyambene ni mazao ya volkano, na mawe yaliyotiririka yakiwa moto, kisha yakapoa, yalipasuka nyufa nyingi. Mvua inyeshayo juu huingia katika nyufa hizo na kusafiri gizani chini ya miguu ya wakulima wa viazi na chai, wala hawana habari. Mahali mawe meusi yanapokoma, juu ya mwamba wa kale ulio mgumu, maji hukosa njia ya kuendelea chini, yakachomoka. Ndiyo sababu chemchemi za Buffalo Springs, na zile za mbuga jirani ya Shaba, ziko ukingoni mwa mawe ya volkano. Shaba ndiko Joy Adamson, aliyeandika habari za simba Elsa, alikouawa Januari 1980.

Kasoko ya Magado ni shimo la namna nyingine. Ni kinywa cha volkano iliyozimika, upande wa Nyambene, na chini yake limetanda tope la magadi. Watu huchimba chumvi hiyo kwa ajili ya mifugo yao, na wachungaji huteremsha ng'ombe na ngamia kwa njia nyembamba iliyochongwa na kwato. Asimamaye ukingoni huwaona watu walioko chini wadogo kama sisimizi. Mwenye kizunguzungu heri asikaribie.

Kutoka Archer's Post mto wa Ewaso Nyiro huelekea mashariki. Mto huu hukusanya maji ya Mlima Kenya, ya Aberdare na ya uwanda wa Laikipia, kisha hauendi baharini. Katika mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler aliufuata akitumaini kufika kwenye ziwa kubwa liitwalo Lorian, ambalo habari zake zilikuwa zimesikika pwani. Alipofika hakuona ziwa. Aliona kinamasi, matete na mbu. Maporomoko ya mto huo bado yanaitwa kwa jina lake, jambo ambalo huenda lilimfariji.

Tangu siku za Chanler kinamasi kile kimepungua sana. Miaka mingine mto hukauka kabla ya kukifikia, kwa sababu ya ukame na kwa sababu mashamba ya juu huchota kwa pampu na mifereji. Mkulima wa mboga wa Timau na mchungaji wa Merti hawajaonana uso kwa uso, lakini kila mmoja huishi kwa ndoo ya mwenzake. Hata hivyo si maji yote yaliyopotea. Mengine yamezama ardhini, na kutoka Merti mpaka Habaswein, hata Dadaab, kuna hazina ya maji chini kabisa, ambayo wataalamu huiita kwa jina la Merti. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991, zimenywa kutoka hazina hiyo kwa visima vya mashine.

Barabara ya Wajir hupita Kulamawe, jina ambalo Mswahili yeyote hulielewa, na akiitazama nchi ilivyo haulizi maana. Mbele yake ni Garba Tula. Tula, kwa Kiborana, ni kisima kirefu. Waborana wana visima vya tula vyenye sifa, makundi tisa yake yakiwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uhabeshi, ambako vijana husimama ngazi kwa ngazi tangu chini majini mpaka juu, wakirushiana ndoo na kuimba ili mikono isichelewe. Lakini lililo kubwa zaidi kuliko kisima ni sheria yake. Kila kisima kina mwangalizi wa zamu, aitwaye aba herega, yaani baba wa zamu. Yeye ndiye asemaye ni mifugo ya nani itakayonywa leo na ya nani ingoje. Aliyechimba na ukoo wake wana haki ya kwanza. Mgeni husaidiwa, lakini sharti aombe. Mtu hanyimwi maji ya kunywa. Ng'ombe wake mia mbili ni shauri jingine.

Sheria hii imepata majaribu makali. Wakati wa vita vya shifta, kuanzia 1963 mpaka 1967, watu wengi wa Isiolo walikusanywa kambini, Garba Tula na Merti zikiwa miongoni mwa mahali hapo, na wakakatazwa kwenda mbali na mifugo yao. Mifugo iliyozoea kuhama ilizuiliwa pamoja, ikala majani ya hapo yakaisha, ikafa. Waborana huuita wakati huo Daba. Wazee waliokuwa na ng'ombe wengi waliingia mjini wakiwa vibarua. Tena, baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo kutoka mwisho wa 2020 mpaka 2022, mizoga ilionekana kandokando ya barabara hizi hizi.

Baada ya Modogashe na Habaswein ardhi hubadilika rangi. Meusi ya volkano yamebaki nyuma. Sasa chini ya mchanga mwekundu hutokeza jiwe jeupe, laini, ambalo hukwanguka kwa kisu. Hilo ni jiwe la chokaa, na Wajir, mji ulio zaidi ya kilometa 300 kutoka Isiolo, umejengwa juu yake na kwa hilo.

Jiwe la chokaa lina tabia ambayo mawe mengine hayana. Mtu akilisaga kidogo na kulidondoshea siki, litatoa povu. Maji ya mvua yapitayo katika udongo huchukua hewa iliyomo, yakawa na ukali kidogo kama wa siki hafifu sana, na ukali huo hulila jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka. Ufa huwa tundu, tundu huwa mfereji, mfereji huwa pango. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yalifanyika hivyo, na dari zake zimening'iniza vidole vya mawe vilivyoachwa na matone. Huko Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, pango limetobolewa katika mawe ya matumbawe, na wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja jahazi. Wajir haina vyumba vikubwa kama hivyo. Jiwe lake ni changa, lilifanyika katika maji ya maziwa ya kale, nalo limejaa vitundu kama sifongo, na katika vitundu hivyo yamo maji.

Kwa hiyo Wajir ni mji wa visima. Viko vingi, vimechongwa katika mwamba mweupe, na maji hupatikana baada ya mita chache tu, mara nyingi bila kufika mita kumi na tano. Vingine ni vitamu, vingine ni vya chumvichumvi, na ngamia hujua tofauti kabla ya mwenyewe. Ni nani aliyevichimba kwanza? Masimulizi ya Wasomali na ya Waborana huwataja Wamadanle, watu warefu kuliko watu wa leo, waliokuwapo zamani wakaondoka. Visima hivi vimegombaniwa mara nyingi, na kwa ajili ya ugomvi huo Waingereza waliweka kituo hapo mwaka 1912. Hawakuja kwa sababu ya upepo mzuri.

Alfajiri ndiyo saa ya kuvitazama. Ngamia hufika kwa safu, shingo zikiwa mbele, na mchungaji hupiga mluzi ili wale wa nyuma wasisukumane. Kijana huteremsha ndoo kwa kamba, hupandisha, humimina katika birika, hurudia. Ngamia mmoja mwenye kiu kali aweza kunywa lita mia moja bila kuinua kichwa. Mawe ya kinywa cha kisima yamepata mifereji mirefu, iliyosuguliwa na kamba za vizazi vingi. Mgeni aweza kuingiza kidole chake ndani ya mifereji hiyo.

Lakini sifa ile ile iliyoleta maji Wajir ndiyo iletayo hatari. Katika udongo wa kawaida uchafu huchujwa kabla ya kufika mbali. Katika jiwe la chokaa lenye matundu hauchujwi. Huteremka mojamoja mpaka majini, kisha hutembea kutoka kisima mpaka kisima. Kwa kuwa maji yako karibu mno, choo cha shimo hapa ni sawa na kumwaga uchafu katika mtungi wa jirani. Ndiyo sababu mji huu, kwa miaka mingi baada ya miji mingine kuacha, uliendelea na vyoo vya ndoo vilivyochukuliwa usiku na kumwagwa mbali. Kazi hiyo si ya kupendeza, na kuchelewa kidogo tu kulitosha kuleta taabu. Kipindupindu kimerudi Wajir mara kadhaa, na watoto ndio wanaougua zaidi.

Baadhi ya watu walishauri maji safi yachotwe Habaswein, katika ile hazina ya Merti, yapelekwe Wajir kwa bomba. Kwa mtu wa Wajir shauri hilo ni la kuokoa maisha. Wenyeji wa Habaswein waliuliza, kwa haki kabisa, visima vyao vitakuwaje mashine zikichota usiku na mchana, na kama maji ya chumvi yaliyo kandokando hayatasogea na kuingia katika matamu. Maana hazina ya chini si mto. Hujazwa polepole sana, na aliyeimaliza hatamwona baba wa zamu wa kumkemea. Ubishi huo ulikuwa mkali, na kila upande ulikuwa na sababu zake.

Atakaye kuyazuru mashimo haya achague miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Julai mpaka Septemba, kwa kuwa mvua zikinyesha makorongo hujaa ghafula na magari hukwama siku nzima. Aulize habari za usalama wa njia kituo cha polisi Isiolo kabla ya kuondoka. Achukue maji yake mwenyewe ya kumtosha siku mbili, na gurudumu la akiba zaidi ya moja. Ewaso Nyiro una mamba, basi asioge humo, hata kama mto unaonekana mtulivu. Visimani asipige picha wala asiteremshe ndoo kabla ya kumwamkia mzee aliyepo na kuomba ruhusa, na ngamia wakiwa wamekwisha kupangwa, angoje wamalize kunywa.