Mwana wa Mhunzi

Wahenga walinena: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana ya kauli hii huonekana wazi katika ukoo wa Bava wa Italia, ambamo ufundi wa filamu ulipita mikono mitatu: babu, baba na mwana.

Babu, Eugenio, alikuwa mchongaji na mpiga picha tangu zama za filamu zisizo na sauti. Mwanawe, Mario, aliyezaliwa mwaka 1914, alitoa La maschera del demonio mwaka 1960, akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa filamu za kutisha. Fedha zilikuwa chache. Taa, moshi na vioo vikaifanya kazi ya fedha.

Mwana wa Mario, Lamberto, alizaliwa mwaka 1944. Alianza kuwa msaidizi wa baba yake katika Terrore nello spazio ya mwaka 1965, na mwaka 1977 alishiriki kuandika Shock, filamu ya mwisho ya Mario kwa majumba ya sinema. Miaka 15 alivukuta. Mwaka 1980 akashika nyundo mwenyewe kwa Macabro, na mwaka huo huo baba akafariki dunia.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani, kwani mrithi wa jina kubwa hushindanishwa na marehemu asiyeweza tena kukosea. Lamberto hakuchagua kunakili. Katika Dèmoni ya mwaka 1985, iliyotayarishwa na Dario Argento, watazamaji wa sinema mjini Berlin wanageuka mashetani mmoja baada ya mmoja, na njia za kutokea zimezibwa. Baba alitisha kwa kilichojificha kivulini. Mwana akakitoa hadharani, tena kwa muziki wa kishindo.

Ajabu zaidi ilikuja mwaka 1991. Yule yule mtisha watu aliongoza Fantaghirò, hadithi ya televisheni ya binti mfalme ashikaye upanga, yenye asili katika ngano iliyokusanywa na Italo Calvino. Watoto wakaipenda, ikaendelea hadi mwaka 1996.

Watunzi wa mwambao hawatalishangaa hili. Vina na mizani hurithiwa. La kusema halirithiwi, kila mtu hulitafuta mwenyewe. Wapo wadhanio kuwa jina la baba lilimbeba Lamberto. Huenda lilimfungulia mlango. Lakini aliyevukuta miaka 15 alikwisha kulijua joto la moto kabla hajakabidhiwa chuma.