Hela ya Gauni la Sendofu Yaishia Chini ya Pikipiki! Boda wa Matiri Alikosea?

Mjini ukitaja pikipiki za njia mbovu, watu wanawaza zile BMW GS, KTM na Honda Africa Twin za wenye mkwanja. Ukiinama uchungulie chini ya injini, nyingi utakuta zina bamba la kuzuia mawe. Sio urembo ule. Hata madereva wa mbio za Dakar, zilizoanza Desemba 1978, hawaingii jangwani bila hiyo kitu.

Sasa njoo Matiri, Mbinga, mkoani Ruvuma. Wenzao wanaoenda ziwani Nyasa wana lami, kilomita 66 kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Lakini boda anayebeba magunia ya kahawa kutoka mashambani Matiri anapita udongo mwekundu, makorongo na mawe yaliyochongoka. Na pikipiki yake ya boda, chini ya injini iko uchi kabisa.

Kuna jamaa mmoja huko, kijana tu, yuko kwenye mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, akimaliza pikipiki inakuwa yake. Ilibaki miezi minne. Na baada ya hapo sendofu ya mchumba wake, gauni lilishachaguliwa, hela imetunzwa kwenye simu.

Wiki hiyohiyo mwenzake wa kijiweni akagonga jiwe. Bolti ya kumwagia oili ikapasuka pale inapokaa. Injini ndogo kama hizi zina oili ya kama lita moja tu, ikimwagika haichukui muda. Yule hakusikia chochote, akaendelea kupanda mlima mpaka injini ikanoki. Bosi akachukua pikipiki yake. Miezi kumi ya hesabu, kwisha habari!

Jamaa hakulala. Asubuhi akatoa hela ya gauni, akaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Mchumba aliposikia, alinuna siku tatu. Siku ya nne akauliza, "Yaani kati ya mimi na chuma, umechagua chuma?"

Kibaya zaidi, bamba la kwanza lilikuwa feki. Lilikatwa kwenye pipa la mafuta, jembamba, limebana injini na kuziba mbele yote. Jiwe la kwanza tu likabonyea mpaka likagusa injini. Tope likajaa ndani, na injini hizi zinapoozwa na upepo, kwa hiyo joto likapanda. Vijana wa kijiweni wakacheka mpaka basi.

Alirudi kwa fundi, safari hii wakakaa chini wakapanga. Wakachukua bati la chuma la milimita 3. Kipande cha sentimita 30 kwa 25 hakifiki hata kilo 2. Alumini ingekuwa nyepesi karibu mara tatu, ila kupata fundi wa kuichomelea ndio shughuli.

Bamba likafungwa kwenye mabomba ya fremu, sio kwenye injini. Hapo ndipo siri ilipo. Ukilifunga kwenye injini, kipigo cha jiwe kinaenda moja kwa moja kulekule unakokimbia. Katikati wakaacha nafasi ya vidole viwili, na kila bolti ikawekewa kipande cha mpira wa tairi ili kisipige kelele. Mbele likakunjwa kwenda juu, pikipiki iteleze juu ya jiwe badala ya kujikwaa. Vichwa vya bolti vikazamishwa visikwame. Wakatoboa matundu ya upepo na maji, na tundu moja kubwa chini ya bolti ya oili, asilazimike kufungua bamba kila akimwaga oili.

Mwezi uliofuata, usiku wa mvua, mama yake mchumba akazidiwa. Ilibidi afikishwe Mbinga mjini. Jamaa mbele, mama katikati, binti nyuma amemshikilia. Njiani ikasikika "kang!" moja nzito chini ya miguu. Pikipiki ikayumba, ikaendelea. Mama akafika, akatibiwa.

Asubuhi binti akainama mwenyewe na tochi ya simu. Akaona mchubuko mrefu kwenye chuma, umepita pembeni kidogo tu ya lile tundu la oili. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Gauni tutakodi."

Lakini msidhani yameisha. Mashoga zake bado wanamwambia mwanaume anayegusa hela ya sendofu bila kuuliza leo, kesho atagusa kubwa zaidi. Na ukweli ni kwamba hakuuliza. Chuma kilikuwa sahihi, ila kukaa kimya ndiko kulikomuumiza binti.

Haya wadau, wewe ungekuwa huyo binti ungesamehe? Na boda mliopo humu, chini ya injini yako kuna nini? Dondosha komenti.