Kariakoo, Nimekuja Kununua Sauti

Treni ya SGR iliondoka Morogoro asubuhi, nami nimekaa dirishani na begi tupu magotini. Mfukoni nilikuwa na laki sita, akiba ya mwaka mzima, na karatasi yenye orodha ya vifaa vya studio. Nauli ilikuwa shilingi 13,000. Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu. Kabla sijamaliza kujifunza namna ya kuomba punguzo, tumeshafika Dar es Salaam. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Kariakoo peke yangu.

Kwetu, kurekodi na kusafiri ni mambo yanayokwenda pamoja tangu zamani. Enzi za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, bendi yake ya Morogoro Jazz walibeba ala zao hadi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimechoka kulipia studio ya watu kwa saa, naimba huku jicho liko ukutani kwenye saa. Nilitaka nirekodi chumbani kwangu.

Kwenye duka la kwanza kijana alinipokea kwa maneno matamu: "Kaka, hii ndiyo wanayoimbia mastaa!" Ilikuwa maiki ya kondensa, inang'aa kama kikombe cha ubingwa, laki tatu na nusu. Mate yakanitoka. Duka la pili wakanionyesha maiki ya Shure SM58 "orijino" kwa elfu arobaini. Hapo hata mimi mgeni nilishtuka: bei hiyo ni ndogo mno kwa maiki orijino.

Kwenye duka la tatu alikaa mzee mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

Nikamwambia kondensa. Hakuinuka.

"Chumba chako kina dari?"

"Hapana, ni bati tupu."

"Na dirisha linatazama wapi?"

"Kijiwe cha bodaboda."

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. "Basi kondensa itarekodi bodaboda kwanza, wewe utafuata."

Akanieleza taratibu. Kondensa hutaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, na sikio lake ni jepesi mno: hunasa feni, jogoo wa jirani, hata kiti kinacholia. Maiki ya dainamiki, aina ya hiyo SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, haihitaji umeme huo na husikia zaidi kilicho karibu nayo. "Kisogo chake ni kizito kusikia," akasema. "Basi kielekeze dirishani." Akaniuzia dainamiki ya bei ya chini, saundi kadi ndogo, hedifoni, waya na stendi. Jioni nikarudi na treni, begi limejaa.

Usiku uleule niliunganisha kila kitu kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nikapakua programu ya kurekodia ya Reaper, ambayo hutoa siku 60 za majaribio bila malipo. Nikaimba ubeti mmoja, nikausikiliza. Nilijisikia kama mtu anayeimba ndani ya pipa! Ukuta wa saruji, sakafu ya saruji, bati juu. Sauti ilikuwa inagonga na kurudi. Trei za mayai nilizobandika ukutani wiki nzima kabla ya safari hazikusaidia kitu, maana ni karatasi nyepesi. Sauti hufyonzwa na kitu kinene na kizito.

Nikaling'oa godoro la sufi kitandani, nikalisimamisha nyuma yangu, kwa sababu maiki inayonitazama husikia pia mwangwi wa ukuta ulio mgongoni mwangu. Blanketi nikalitundika dirishani, mkeka na mazulia chini. Mdomo nikauweka shubiri moja kutoka kwenye maiki. Kisha nikangoja saa nane usiku, bodaboda walipolala. Ubeti ukatoka safi, hata pumzi inasikika.

Hesabu yangu ni hii: nauli kwenda na kurudi 26,000, saundi kadi 180,000, maiki 150,000, hedifoni 90,000, waya na stendi 45,000, bajaji na chakula 14,000. Jumla 505,000. Kama ningeichukua ile kondensa, laki sita zisingetosha. Katika 95,000 iliyobaki nilinunua magodoro mawili yaliyotumika, 70,000, ambayo sasa ndiyo kuta za studio yangu. Nawe unayejiandaa kwenda kununua maiki, kwanza simama katikati ya chumba chako, piga kofi moja, usikilize mwangwi.