Mbwa akifa, msikilize mtoto

Katika kaya nyingi za Chamwino, Bahi na hata pembezoni mwa Dodoma mjini, mbwa hulinda boma usiku na mchana hufuatana na watoto malishoni. Akifa, hutupwa korongoni, na mtoto anayelia huambiwa, "Nyamaza, ni mbwa tu."

Neno hilo lina hatari. Mtoto aliyenyamazishwa anaweza kuficha kwamba juzi mbwa huyo alimng'ata kidole akimlisha. Na mbwa anayekufa siku chache baada ya kung'ata ni wa kushukiwa: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Chanjo ikiwahi, huokoa.

Kwa hiyo keti naye, mzazi. Usimdanganye kwamba mbwa amesafiri. Mtoto mdogo atamngojea mlangoni. Mwache alie, kisha muulize taratibu: alitokwa mate? Alimng'ata nani? Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Aitwe afisa mifugo.

Mbwa mpya asubiri kidogo. Mtoto bado anambakizia ugali yule wa zamani.