Akanipa, Hakunipa

Ukiniuliza kazi yangu tukiwa kwenye matatu, nitakwambia mimi ni mwandishi, kisha nitabadilisha stori. Ukweli ni kwamba makala za kulipwa huja mara moja kwa mwezi, zikija, na kodi huja kila tarehe tano bila kukosa. Pengo la katikati nalijaza kwa kunukuu mahojiano. Mtafiti anaenda mashinani na kinasa sauti, watu wanamweleza maisha yao, halafu mimi niko huku Zimmerman kwa bedsita yangu nikigeuza sauti kuwa maandishi, neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si dakika ya kazi. Dakika moja ya sauti safi hunichukua dakika nne au tano. Dakika moja iliyorekodiwa karibu na mashine ya kusaga unga inaweza kula nusu saa, na malipo ni yale yale.

Niliianza mwaka wa tatu chuoni, karo ilipokataa kutosha. Nilijiambia ni ya muhula mmoja tu, halafu nirudi. Hiyo ni miaka minne sasa.

Basi, mwaka jana nilipewa mahojiano kumi na moja kuhusu urithi wa mashamba. (Nimebadilisha vitu vidogo vidogo hapa kwa sababu nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri.) Kwenye rekodi ya tisa kulikuwa na mama mzee aliyeongea akiwa ameketi nje ya nyumba yake, jenereta ikinguruma mahali fulani nyuma. Anaulizwa kuhusu shamba la marehemu baba yao. Niliandika: "Ndugu yangu akanipa kile kipande cha chini, karibu na mto."

Alichosema ni "akunipa".

Wewe unajua vile tunaongea. H inamezwa. Hatujui inakuwa atujui, hakuna inakuwa akuna, na hashtuki mtu, kwa sababu ana kwa ana unaona kichwa kikitikiswa. Kwa rekodi hakuna kichwa. Ukishaondoa hiyo H, kati ya ndugu aliyetoa shamba na ndugu aliyemnyima dada yake inabaki irabu moja: u au a.

Mtafiti aliliona kosa kabla ripoti haijatoka, kwa sababu kurasa mbili mbele mama huyo huyo anasema hukodi mahali pa kulima. Mimi pia nilikuwa nimeandika hiyo sentensi ya kukodi, kwa mikono yangu, na sikushtuka. Saa nane usiku husomi, unachapa tu. Mtafiti aliniandikia barua pepe ya mistari mitatu, ya heshima sana, ile heshima inayouma. Alikuwa ameshamweka yule mama kwenye orodha ya wanawake waliorithi. Aliomba nisikilize upya rekodi zote kumi na moja. Hakutaja malipo, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Nilirudi kwa ile sentensi nikaicheza labda mara ishirini. Kila mara nilisikia akanipa. Wazi kabisa. Ningeapa mahakamani. Mathe aliponipigia jioni hiyo nikamweleza, bila majina, na yeye akatoa hukumu kabla sijamaliza: "Ni ndugu gani huyo wa kupeana shamba la mtoni?" Mathe ana ndugu watano, wote wanaume. Hakuhitaji hedifoni.

Jumamosi nilibeba laptop hadi Buruburu kwa binamu yangu, ambaye ana kastudio ka kurekodi podikasti kwenye chumba cha nyuma kwa wazazi wake. Alichomeka hedifoni zake, akanivalisha, akabonyeza. Akunipa. Mara ya kwanza tu. Nilizivua nikaziangalia kama zimenitukana.

"Cuzo," akaniuliza, "kwani wewe hufanya kazi na nini?"

Nikatoa zangu kwa begi.

Zangu nilizinunua Luthuli Avenue, shilingi 1,800, baada ya kuanzia 3,500 na kuondoka mara mbili nikiitwa nirudi. Muuzaji alinichezea gengetone kwa sauti ya juu kabisa. "Madam, skiza hiyo besi." Na besi kweli ilikuwepo, ilinitetemesha taya, nikalipa. Ndivyo wengi wetu tunavyochagua: tunavaa kwa dakika moja, dukani, kukiwa na kelele, tukicheza wimbo tunaoujua kwa moyo. Wimbo unaoujua hauwezi kukudanganya neno, kwa sababu neno tayari unalo kichwani. Mtu usiyemjua, anayeongea polepole nyuma ya jenereta, huyo ndiye mtihani.

Binamu alinieleza hivi. Ngurumo ya jenereta ni sauti ya chini. Hedifoni zilizotengenezwa ziongeze besi zinainyanyua hiyo ngurumo pamoja na besi ya wimbo, hazijui tofauti. Sasa u nayo hukaa chini, mdomo ukiwa umefinywa. A mdomo umefunguka, nguvu yake inapanda hadi katikati. Ukimwaga matope kote huku chini, u inazama, na ubongo wako unaokota ile iliyo karibu na inayoleta maana. Mimi niliokota akanipa. Labda kwa sababu ingekuwa stori nzuri zaidi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kutafuta zile hedifoni za mgongo wazi, zenye matundu nyuma ya vikombe, ambazo watu husema sauti yake inapumua. Zinapumua kweli. Lakini kinachotoka kinatoka na kinachoingia kinaingia, na huku kwangu kuna fundi wa kuchomelea mageti chini, kesha la Ijumaa ghorofa ya pili, na jirani ambaye alinunua subwoofer kabla ya kununua kitanda. Kwa hivyo ni za mgongo uliofungwa au hakuna. Hizo za kufuta kelele kwa umeme binamu hakutaka hata kuzijadili. "Hizo ni za ndege," alisema, mtu ambaye hajawahi kupanda ndege.

Alinikopesha za waya, jozi tatu, zote za mgongo uliofungwa, moja baada ya nyingine, wiki moja kila moja. "Ukivunja nakuja kuchukua hiyo laptop." Kipimo changu kilikuwa kimoja: ile sentensi ya mto, halafu zamu nzima ya kazi, saa sita au saba, kama siku ya kawaida.

Wiki ya kwanza nilipewa Audio-Technica ATH-M50x. Hizi utazikuta kwa watengenezaji muziki wengi, na waya wake unachomoka, kitu ambacho mtu anayekaa na waya mezani siku nzima anakithamini. Kwa muziki nilizipenda kuliko zote. Nilisikiliza albamu nzima usiku mmoja badala ya kufanya kazi. Kwa sentensi ya mto, nilisikia akunipa, ila ilibidi niirudie, kwa sababu besi yake pia imenyanyuliwa kiasi. Na zinabana. Zina gramu 285, si nyingi, lakini uzito wa hedifoni hauko kwa mizani tu, uko pale zinapokugusa.

Hapo ndipo niligundua kitu ambacho sijakiona kikitajwa kwenye maelezo ya bidhaa yoyote. Mimi nina rasta na miwani. Wiki hiyo nilikuwa nimesuka zile nene, nimezifunga juu. Upinde wa hedifoni ulikosa pa kukaa; ukienda mbele unateleza usoni, ukienda nyuma vikombe vinainuka na kuacha mwanya chini ya sikio. Mikono ya miwani nayo inapitisha hewa pembeni. Na kwa hedifoni za mgongo uliofungwa, huo mwanya si jambo dogo. Besi yake inategemea ile hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio. Ukiacha upenyo, besi inakonda na kelele za fundi zinaingia. Ukizikaza ili uzibe upenyo, miwani inakuchimba nyuma ya sikio. Kumbe yale maswali mawili ambayo watu huyatenganisha, zinasikikaje na zinavalikaje, kwa kichwa changu yalikuwa swali moja.

Wiki ya pili zikaja Beyerdynamic DT 770 Pro, za Ujerumani, zile za ohm 80. Hizi nataka kuziongelea polepole. Pedi zake si za ngozi bandia, ni za kitambaa laini kama mahameli, rangi ya kijivu, na ni kubwa, sikio zima linaingia ndani na kukaa bila kugusa kitu. Mikono ya miwani inazama kwenye kile kitambaa badala ya kushindana nacho. Jasho halikusanyiki kama kwa zile zingine. Nilizivaa saa tatu asubuhi, nikazivua saa tisa, na nikasahau kula. Caretaker aligonga mlango kuhusu maji nikamkosa. Mathe alipiga mara sita. Kwa simu yangu sauti ilikuwa ya chini, kwa sababu hizo ohm 80 zinataka nguvu kidogo zaidi, ila kwa laptop zilikuwa sawa. Waya ni mita tatu, na katika bedsita hiyo ni kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi.

Ningekuwa nanunua kitu cha kukaa nacho, ningesimama hapo. Shida ni sentensi ya mto. DT 770 zinasukuma sauti za chini na za juu mbele, na sauti ya mtu anayeongea inabaki imerudi nyuma kidogo, kama anayekuhadithia akiwa chumba cha pili na mlango wazi. Na Kiswahili kina S nyingi. Sasa, sisi, sijasikia. Baada ya saa nne kila S ilikuwa sindano. Akunipa niliisikia, ndiyo. Lakini nilikuwa tayari najua jibu, na hapo kipimo kinakuwa hakina maana sana, si ndiyo? Nilichukua rekodi nyingine ambayo sikuwa nimeigusa, nikaandika ukurasa mmoja, nikaweka alama mahali nilipokuwa na shaka. Alama tisa.

Wiki ya tatu, Sony MDR-7506. Ndizo binamu alizonivalisha siku ya kwanza. Ni muundo wa mwaka 1991, zimenizidi umri, na zinafanana na kitu cha ofisi ya posta: waya wa kujikunjakunja kama wa simu ya mezani, maandishi ya bluu. Gramu 230 hivi. Pedi ni nyembamba, sikio langu liligusa ndani, na mchana kukiwa na jua la Februari masikio yangu yaliiva. Muziki ndani yake haukunifurahisha. Kila kitu kiko mbele, kimepangwa kama mitumba juu ya turubai, hakuna cha kukukumbatia.

Nilicheza ule ukurasa wa alama tisa. Zikabaki mbili.

Yaani nilisikia mate ya watu. Nilisikia mtoto aliyekuja kuomba pesa katikati ya mahojiano akiwa mbali, na mama anamjibu kwa kunong'ona bila kukatiza sentensi yake. Nilisikia mtafiti akigeuza karatasi. Nilipunguza sauti ya laptop, kitu ambacho sikuwahi kufanya kwa miaka minne. Na zile za Luthuli nilikuwa nikipandisha hadi mwisho nikidhani tatizo ni udogo wa sauti. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mimi saa 40 nilikuwa nazimaliza Alhamisi, na hizo desibeli sitaki hata kuzikisia.

Kwa hivyo nilinunua za tatu, zisizo na raha. Binamu alinitafutia zilizotumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga studio, kwa 7,000, nusu sasa na nusu mwezi ujao. Nilibadilisha pedi. Halafu nikabadilisha nywele: rasta nilizifumua, nikasuka mistari ya kulala kichwani ili upinde upate pa kukaa na vikombe vizibe. Msusi aliniuliza kama nina sherehe. Nilimwambia ni mambo ya kazi, akanipongeza. Kila dakika arobaini nazivua, navua na miwani, nafungua dirisha namsikiliza fundi. Na usiku, nikimaliza, nikitaka tu muziki, bado huziwaza zile za mahameli kama mtu wa zamani.

Rekodi kumi na moja zilinichukua wiki tatu. Nilipata makosa mengine manne. Matatu yalikuwa madogo. La nne lilikuwa jina la mtu, na sitaliongelea. Mahali pamoja, kwenye rekodi ya sita, lori linapita na hakuna hedifoni ya kuokoa hilo neno, nikaandika "haisikiki" kwenye mabano.

Ya tisa niliiacha mwisho. Nilisahihisha: hakunipa. Kisha nikaacha rekodi iendelee, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimerukia swali linalofuata moja kwa moja, hakukuwa na kitu hapo katikati ila jenereta. Sasa kulikuwa na kitu. Baada ya kutaja mto, mama yule ananyamaza sekunde tatu, nne, kisha anafyonza. Mara moja, kavu, ile ya meno. Mtafiti hakuisikia, au aliisikia akaona adabu kuendelea.

Maelekezo ya kazi yalisema tuandike maneno tu, si sauti nyingine. Nilikaa na hiyo kwa muda. Halafu nikaandika, kwenye mstari wake peke yake: (anafyonza). Nikatuma. Jibu halikuja hadi Jumatatu, nalo lilikuwa neno moja, asante, na mstari wangu ulikuwa haujafutwa.