Injini Uani, Daftari Mezani

Wako wanaume wanaorudi nyumbani na maua. Wa kwangu, Juni ile, alirudi na winchi ya mnyororo, mabomba matatu ya chuma na mafundi wawili walioniita "shemeji" kabla sijavua viatu vya kazini. "Injini tunaishushia hapa hapa," akasema.

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako mnaishi kwa gari la biashara, unanielewa. Mimi ni mhasibu, ofisi yangu ipo mjini Arusha. Mume wangu anaendesha Canter yetu: ndizi na mboga kutoka miteremko ya Mlima Meru kwenda masoko ya Tengeru na Kilombero, siku nyingine mchanga na matofali. Rejesho la SACCOS lilitoka kwenye gari hilo. Likilala, na sisi tunalala.

Dalili zilianza kipindi cha masika. Kwanza moshi wa bluu, maana yake oili inaungua pamoja na dizeli. Mlimani gari likawa halina nguvu. Ukifungua kifuniko cha oili huku injini inaunguruma, moshi unapumua kutoka ndani, ishara kwamba ringi za pistoni zimechoka. Mwisho ikaanza kugonga. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa. "Imenoki hii, shemeji. Mkiilazimisha itatoboa bloku."

Kwa nini nyumbani?

Gereji zipo tele, kuanzia Unga Limited hadi Mbauda. Lakini mume wangu alikuwa na kidonda. Mara ya mwisho gari lililala wiki mbili kwenye gereji moja, likarudi na nozeli ambazo si zake. Utamshtaki nani? Nyumbani kila nati inafunguliwa mbele ya macho yako.

Sikumkatalia. Niliomba kitu kimoja tu: kabla spana haijagusa chochote, tukae mezani na daftari.

Miaka mitatu ya ndoa, hela ya gari ilikuwa inakaa kichwani mwake na mfukoni mwake. Usiku ule tukachora safu tatu: tulichonacho, tunachodaiwa, na kiasi ambacho hatutakivuka hata iweje. Kwenye safu ya pili ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba matairi ya nyuma yalinunuliwa kwa deni, kwa kaka yake. Sikupiga kelele. Niliandika. Safu ya kwanza ilikuwa na akiba yangu ya kumwezekea mama nyumba, ambayo yeye aliijua siku zote. Hakuitaja.

Siku ya kushusha

Jumamosi mtoto alipelekwa kwa bibi yake, kazi ikaanza. Waya za betri zilitolewa kwanza. Oili ikakingwa kwenye dumu, kulanti kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu ladha yake ni tamu lakini ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Nyuma ya nyumba unapita mfereji wa maji kutoka mlimani na majirani wa chini wanamwagilia mboga, kwa hiyo nilisema wazi kwamba hata tone halimwagwi humo. Oili chafu ilichukuliwa na seremala wa mtaani, anapaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Kabini ikainamishwa, rejeta ikatoka, kisha propela na gia boksi. Kila waya ilifungwa karatasi yenye namba. Kazi ya lebo nilipewa mimi: makopo ya maziwa ya unga, moja limeandikwa "gia boksi", jingine "maunti", jingine "hedi". Chalii anayejifunza ufundi alicheka sana. Siku ya kurudishia hakucheka.

Fundi mmoja aliutazama mparachichi wetu kwa kuutamani. Mume wangu akakataa. Tawi la mparachichi linakatika bila kuaga, na injini ya dizeli ina uzito wa mamia ya kilo. Wakasimamisha mabomba matatu, wakafunga winchi juu, injini ikanyanyuka taratibu, nasi tukalisukuma gari kinyumenyume. Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini yake. Ukungu wa Meru ulivyoshuka jioni, injini ilikuwa imefunikwa turubai, silinda zimepakwa oili zisishike kutu.

Habari mbaya

Mwenye mashine ya kuchonga alipima krenkishafti, akasema inachongeka, itavaa beringi za saizi inayofuata. Silinda zikahitaji slivu mpya. Hayo tuliyatarajia. Halafu wakaijaribu hedi kwa presha: ina ufa.

Mume wangu alirudi kimya, akakaa kwenye tofali karibu na ile bloku. Hedi mpya ingevuka mstari wetu. Injini nzima ya mtumba ingevuka zaidi, na hujui imetembea kilometa ngapi. Nikajua sasa ataniomba ile akiba. Nilikuwa na jibu tayari, na halikuwa zuri.

Akasema, "Hela ya mama haiguswi. Kesho naenda kwa bro kumwambia asubiri, halafu twende wote SACCOS."

Nawaambieni, sijawahi kupewa zawadi kubwa kama sentensi ile. SACCOS walitusogezea rejesho kwa miezi miwili. Tukanunua hedi ya mtumba, ikajaribiwa kwa presha kabla hatujalipa. Siku ya 24 injini iliwaka, moshi ukasafika.

Kama na nyie mnapanga

Hakikisheni fundi ana spana yenye kipimo cha kukazia hedi. Nguvu ya mkono si kipimo. Kila spea inunuliwe na mmoja wenu akiwepo. Wekeni siku za ziada, kwa sababu mashine ya kuchonga ina foleni yake.

Lakini kubwa kuliko yote ni madeni. Yatajeni kabla injini haijafunguliwa, kwa sababu ikishafunguliwa kila siku inataka hela, na mtu aliyebanwa huficha. Kwetu sisi daftari halijafungwa. Kila Jumapili jioni anataja mapato ya gari, nami naandika. Mwezi wa nne baada ya hapo, bati za mama zilipanda kwenye Canter ile ile.